Yah: Programu Yako Kumkemea Mkwe Wangu

Ndugu Mtaalamu Osea (mtoto wa kaka yangu),

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na kinauma.

Nakushukuru kwa programu uliyoniwekea kwenye kompyuta ya kazini hapa Tunduma, ile inayonichungulia kwa kamera na kunikemea nikikaa vibaya. Kwa heshima zote naomba uje uiondoe, kwa sababu zifuatazo:

1. Sauti ni yako. Nimekaa naandaa nyaraka za malori, naambiwa "Umepinda, kaa wima" na mtoto niliyembeba kwa mgongo huohuo. Wala haianzi na shikamoo.

2. Neno "umepinda" halifai ofisi ya wakala wa forodha. Mteja mmoja alilisikia wakati nakagua karatasi zake, akadhani anashtakiwa. Alizikusanya akahamia ofisi ya jirani. Bosi wangu, Bwana Sebastian, tangu hapo ananisalimia kwa nyusi tu.

3. Haijui adabu. Wewe umekulia Ileje, unajua mwanamke wa kwetu hamsalimii mzee akiwa amesimama kama nguzo ya umeme. Nikipiga goti, yenyewe inatangaza, "Sikuoni. Rudi kwenye kiti."

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Mzee Andongwisye wa kijiji cha Mbebe, baba wa kijana anayemchumbia Ikupa wangu, alikuja ofisini mwenyewe tupange siku ya harusi. Nikashuka kumsalimia, nikakwama nusu njia, unajua kiuno changu. Mzee wa watu akazunguka meza ili anishike mkono, na mgongo wake ulishaisha kwa jembe. Kamera ikamwona yeye. "Umepinda. Umepinda. Kaa wima." Akajaribu kunyooka, Osea. Alijaribu kweli. Kisha akachukua kofia yake akaondoka bila kukaa, na hadi leo kimya. Ikupa hasemi nami, anaosha vyombo kwa kuvigonga.

Kama kuiondoa ni kazi kubwa, iwekee kitufe cha "Mkwe yupo". Kitufe kikishindikana, ifundishe kumtambua mzee, ukoo wake, na kama ameshakaribishwa chai. Na hilo likishindikana, panda Mbebe mwenyewe na sauti yako hiyo, upige goti uombe radhi.

Msalimie Fides, watoto, na baba yako, umwambie asikubali uiguse kompyuta yake.

Wako katika kuinama na kuinuka,
Shangazi Tabita

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, Mzee akaingia. Nikashuka mpaka magoti yakagusa sakafu, nikainuka mwenyewe bila kushika meza. Sijaweza hivyo tangu nianze kazi hii, kumbe kukemewa kote kule kumeninyoosha kiuno, nikalia mbele ya mkwe. Anasema aliondoka kwa aibu, si kwa hasira, na harusi ipo. Anauliza kama sauti ile inaingia kwenye simu ya vitufe. Usiiondoe. Ila ianze na shikamoo.