Shee Hemed, Msemaji wa Kulipwa

Jumatatu, 4 Juni 1973

Leo nimeiona kazi yangu. Si hii ya kupima vitambaa Biashara Street. Kazi yangu hasa, niliyoumbiwa.

Mchana tajiri wangu wa dukani alinituma nipeleke mapazia katika hoteli moja kubwa ya mjini. Ukumbini alisimama Mzungu mmoja, hana karatasi, hana miwani, anasema tu. Ukumbi mzima unampigia makofi. Nikamwuliza mhudumu yule ni waziri wa nchi gani. Akanijibu si waziri, ni msemaji. Huitwa aje aseme, akasema, akalipwa, akaenda zake.

Kulipwa! Kwa kusema! Na mimi nasema bure tangu nilipoota meno!

Nani Nairobi hii anakijua Kiswahili kunishinda? Nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni. Na hapa Riruta ninakoishi nasikia nini kutwa? "Kitu yangu." "Maji baridi hii." "Nyumba yako iko mzuri." Naamka na hasira, nalala na hasira. Basi na hasira nayo ifanye kazi.

Nimemweleza mke wangu, Waridi. Hakuinua uso kwenye cherehani. Alisema kusema hakujawahi kunishinda, kunyamaza ndiko. Sikumjibu. Yaani nilimjibu, lakini kwa ufupi, mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 6 Juni

Shule ya msingi ya hapa mtaani ina siku ya wazazi Jumamosi. Mwalimu mkuu ni Bi Phoebe, mama mpole ambaye Waridi humshonea sare za watoto. Nimekwenda asubuhi: kanzu nyeupe, koti, kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono. Nikajitambulisha. Shee Hemed, msemaji. Akafurahi sana. Kisha akasema pole, wameshampata msemaji. Bwana Thuo wa Kinoo.

Nikauliza Thuo ndiye nani. Mwanachuoni? Mchungaji? La hasha! Muuza chakula cha ng'ombe! Ana duka kando ya barabara ya Nakuru, magunia mpaka mlangoni. Na kila harusi, kila mchango wa kujenga kanisa, kila mkutano, anaitwa yeye.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye kile kiti cha ofisini mpaka Bi Phoebe akashindwa kufanya kazi, akakubali tuseme wote wawili. Mimi kwanza! Thuo atakuta makombo.

Jumamosi, 9 Juni

Hasira. Kalamu imetoboa karatasi mara ya pili sasa.

Nilianza vizuri. Nilifungua na neno "elimu", asili yake katika Kiarabu, na jinsi lilivyosafiri kuja kwetu. Sijafika nalo hata Unguja, mzee mmoja mstari wa mbele akaanza kukoroma. Nyuma kina mama wametoa nyuzi, wanafuma sweta. Bi Phoebe akanivuta koti. Nikakaa. Makofi yalikuwepo, lakini ya watu wanaojipasha mikono joto.

Ndipo akasimama Thuo. Mtu mfupi, tumbo mbele, buti za mvua. Akasema, nanukuu kwa uchungu: "Wazazi, mimi nataka kuongea juu ya hii watoto yetu."

Hii! Watoto! Yetu!

Wallahi sikukusudia. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nilipiga ukelele kutoka kitini: "Hawa watoto wetu!"

Vichwa vyote vikageuka. Thuo akanigeukia, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akasema, "Asante, mzee wa Lamu. Hawa watoto wetu. Wako na akili mingi."

"Nyingi!"

"Lakini viatu zao zinaisha mbio."

"Vyao! Vinaisha!"

Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama lini. Watu walicheka mpaka wakashikana. Yule aliyekoroma yu macho, anafuta machozi. Kila Thuo akikosea, ukumbi wote unanigeukia mimi, unangoja. Na mimi siwezi kujizuia! Nani angeweza?

Mwisho Thuo akapewa jogoo. Mimi nikapewa kalenda ya mwaka jana. Bi Phoebe akasema hajapata kuona siku ya wazazi nzuri kama hii.

Na Waridi? Alikuwa mstari wa pili. Nilimwona. Ncha ya buibui mdomoni, mabega yanatetemeka.

Jumapili, 10 Juni

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Walikuwa wakimcheka Thuo. Bila shaka! Wana kiu ya Kiswahili safi, nami nimewanywesha. Sasa moyo umetua.

Ulikuwa umetua. Adhuhuri Thuo akabisha hodi mwenyewe, na gunia la viazi begani. Akanikumbatia mlangoni. Akasema chama cha maziwa cha Kinoo kinatutaka Jumamosi, wote wawili. Akasema mimi na yeye ni kama chai na maziwa. Nikamwambia mimi si chai.

Akaisifu nyumba kwa Kiswahili chake kile. Nikamsahihisha. Waridi akaniambia mgeni ameisifu nyumba, haidhuru ameisifu vipi, sema asante. Kisha akaketi naye, akamwuliza habari za mkewe Wanjira, za ng'ombe, za mvua, na wakazungumza mpaka birika likaisha. Waridi hajazungumza hivyo tangu tuhamie Riruta. Sioni kwa nini aanze na muuza pumba.

Jumamosi, 16 Juni

Kinoo. Niliapa sitafungua mdomo ila zamu yangu ikifika. Thuo akasema, "Ng'ombe yangu iliniambia." Nikauma ulimi. Akasema, "Nikiwa kwa kitanda yangu." Nikashika kiti kwa mikono miwili. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, watu wote wananitazama mimi, hata watoto wamenyamaza. Ndipo akasema, polepole, akinitazama usoni: "Na hapo nikaona mtu mingi."

Mtu mingi!

Nililipuka. Kofia ikaruka ikatua kwenye ndoo ya maziwa. Wakulima wazima walilala chini kwa kicheko. Mimi nasema habari ya ngeli, wao wanapiga magoti.

Baadaye akanijia bwana mmoja wa suti, Shem, mkuu wa mauzo wa kampuni ya sabuni. Mkutano wao wa mwaka ni Jumamosi ijayo. Wanawataka wasemaji wakuu. Na wapi? Hoteli ile ile niliyopeleka mapazia! Nikamwambia atapata msemaji mkuu. Akasema hapana, wawili. Mimi na Thuo.

Wakuu wawili! Mkuu huwa mmoja. Ndiyo maana ya mkuu.

Jumatano, 20 Juni

Mpango wangu ni safi. Thuo hapajui mjini vizuri, ameniomba nimwulizie Shem mkutano uko wapi hasa. Ananiamini. Nikamtumia habari kuwa uko kwenye ukumbi wa kanisa, Muthangari. Je, ni uongo? Muthangari ipo. Kanisa lipo. Ukumbi upo. Nimemtajia mahali pa kweli.

Nimesikia kitu kama mwiba kifuani. Ubaridi wa Juni huu, bila shaka.

Waridi akaniona napiga pasi kanzu huku naimba, akauliza kuna nini. Nikamwambia. Alisimamisha cherehani. Akasema, "Yule anakuita rafiki. Riruta nzima hii, nani mwingine anakuita hivyo?"

Nikamjibu kuwa tunazungumzia kazi. Hajanisemesha tangu hapo. Chakula alikiweka mezani kama anayegonga muhuri.

Jumamosi, 23 Juni

Bismillahi. Niandike yote.

Nilipanda jukwaani bila karatasi, bila miwani, kama Mzungu yule. Kwa kuwa sina miwani sikuwaona watu, jambo ambalo lilinipa moyo. Nikasema kwa upole kuhusu utulivu wa ulimi. Maneno yalitiririka. Nikafika mahali pazuri sana, nikanyamaza wapige makofi.

Sauti ikatoka nyuma: "Mzee, kasirika!"

Nikasema sina sababu ya kukasirika. Mwingine akapaza, "Kasirika kidogo tu!" Wengine wakauliza yule wa buti yuko wapi. Nikaendelea na utulivu. Nikaanza kusikia viti vinasogezwa. Wanakwenda kunywa chai! Mimi niko kwenye sentensi! Shem alikuwa pembeni anajifuta uso kwa leso, na nilimsikia akiuliza kama pazia la jukwaa linafungwa upesi.

Mlango ukafunguka. Thuo. Tope mpaka magotini na ua la harusi kifuani. Amefika Muthangari, akakuta watu wanaoana, wakamtambua, wakamsimamisha aseme, wakamleta mjini kwa gari la bi harusi. Kila mahali mtu huyu anapelekwa na mapenzi! Mimi kila mahali naenda kwa miguu!

Nikangoja anishtaki mbele za watu. Alipanda, akashika bega langu, akawaambia samahani, kosa lilikuwa lake. Alielekezwa vizuri akasikia vibaya. "Masikio yangu iko na uzee mingi."

Aliniokoa. Hadharani. Nami nilitaka kumshukuru, naapa, asante ilikuwa imefika kooni. Kilichotoka ni, "Yana! Uzee mwingi!"

Ukumbi ulipasuka. Waliokuwa kwenye chai wakarudi mbio na vikombe. Tulisema mpaka wahudumu wakaanza kutandika meza za chakula.

Tukielekea kituo cha basi Thuo akasema taratibu anajua nilimdanganya. Akasema, "Wacha hiyo maneno, Shee. Ilipita."

"Hayo," nikasema. "Yalipita."

Akacheka. Sijui anacheka nini. Nimekasirika zaidi kuliko kama angenipiga.

Jumanne, 26 Juni

Shem ameniita ofisini. Kampuni inatutaka mwaka mzima. Nakuru, Nyeri, Kisumu, Machakos, kwa gari lao. Kazi yenyewe! Ndoto yenyewe! Kisha akanionyesha bango. Limeandikwa: THUO NA MZEE HASIRA.

Mzee Hasira!

Nikatoa masharti. Jina langu kamili, na liwe la kwanza. Na kabla ya safari yoyote Thuo aje kwangu kila jioni nimfundishe ngeli. Shem akalikunja bango. Akasema Thuo akijua ngeli kazi imekwisha.

Nikasimama. Nikamwambia basi atafute mtu mwingine wa kumsahihisha Thuo, kama yupo. Akasema atatafuta. Nikacheka sana mpaka chini ya ngazi. Atampata wapi?

Jumamosi, 30 Juni

Amempata. Waridi.

Waridi wangu! Alhamisi Thuo na Wanjira walikuja kunibembeleza nirudi, wakanikosa. Waridi akawapa chai. Thuo akasema alichosema, Waridi akamsahihisha, Wanjira akaanguka kwenye kochi. Basi Thuo akampelekea Shem habari, na yakaishia hapo. Niliporudi kazini nikaambiwa kama mtu anayeambiwa unga umekwisha. Nilipiga kelele, nikasema mke wa mtu hapandi jukwaani. Akasema mume wa mtu hamtumi rafiki yake Muthangari. Tena Wanjira atafuatana nao kila safari. Nikatoka nje nikahesabu kuku wa jirani. Mimi!

Leo walianza, ukumbi mmoja hapa mjini. Nilikaa nyuma kabisa. Thuo akasema, "Leo mimi iko na swali mbili." Nikashika kiti. Lakini Waridi hakupiga kelele. Alirekebisha buibui, akasema kwa sauti ile ya kwetu, laini: "Una maswali mawili, Bwana Thuo. Na majibu huna hata moja."

Walilia kwa kucheka. Akaendelea hivyo, anamchukua neno kwa neno kama anayemtoa mtoto mwiba. Watu hawakuwa wakimcheka Thuo. Hawakuwa wakimcheka yeye. Sijui walikuwa wakicheka nini, lakini Lamu yote ilikuwa kwenye sauti ile, na kwa kitambo nikasahau kukasirika. Nikawa karibu kumwambia jirani yangu kwamba yule ni mke wangu.

Ndipo Waridi akasema amengoja basi "masaa" mengi.

Masaa! Mtu wa Langoni!

Nikapanda juu ya kiti. "Saa nyingi! Saa! Haina ma-!" Bawabu, jitu moja liitwalo Makau, likaninyanyua kwapani. Waridi akajifunika uso. Thuo alikimbia mpaka ukingo wa jukwaa, mikono imenyooshwa. "Makau, wacha yeye! Shee, rudi! Kiti yako iko hapa!"

Na kweli kilikuwepo. Kiti kitupu, kati yao wawili. Walikuwa wameniwekea.

"Kiti chako kiko hapa!" nikamjibu, na hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kabla mlango haujafungwa.

Jumapili, 1 Julai

Kesho wanaondoka kwenda Nakuru. Waridi amenipigia pasi kanzu, akaitundika mlangoni. Baadaye akasema gari lina nafasi, na kwamba "masaa" alilisema makusudi, akijua nipo, ili nipande. Nikamwambia kosa la makusudi ni baya kuliko la bahati mbaya. Akazima taa ya jikoni, akaenda zake kufunga mizigo.

Siendi. Nimekaa peke yangu nikapima kila kitu toka mwanzo, bila kujipendelea, na nimeliona kosa langu. Nalikiri. Kosa langu ni milango.

Ndiyo! Shuleni mlango ulikuwa wazi. Kinoo, wazi. Hotelini, wazi kuelekea kwenye chai! Msemaji gani atafika popote ikiwa watu wanaweza kuondoka?

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nakwenda kuonana na mkuu wa magereza. Nimeshatayarisha hotuba. Inaanzia kwenye asili ya neno "uhuru".