Ndege wa Mama Mkwe Aenda Ngomani

Jumatatu, 1 Julai 2024

Mama mkwe Esteria kaja kutoka Ipililo kutibiwa miguu. Kaja na ndege! Si kuku. Ndege wa bandia mwenye manyoya halisi, amesimama juu ya kibweta cha shaba kidogo kama kipande cha sabuni. Padri mmoja wa zamani alimwachia marehemu baba yake mama mkwe, aliyekuwa mpishi wa padri huyo. Ukizungusha ufunguo anaimba, anafungua mdomo, anatikisa mkia. Siku hizi sauti imekauka. Fundi saa hapa sokoni Bariadi ni mimi, kwa hiyo kazi ni yangu.

Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni. Ndiyo heshima yetu Wasukuma. Basi kampa Philomena, mke wangu, naye kaniletea uani pamoja na onyo: ndege akipatwa na lolote, yeye anarudi Ipililo na mama yake. Hatanii huyo. Mwaka juzi alirudi kwa ajili ya sufuria tu.

Jumatano, 3 Julai

Nimemfungua. Loo! Ndani kuna kiriba kidogo kinachopuliza hewa, filimbi yenye kijiti kinachopanda na kushuka, na gurudumu la shaba lililochongwa vilima na mabonde ukingoni. Sindano inapita juu ya vilima hivyo, na huo ndio wimbo. Mtu alikaa akauchonga kwa tupa! Kwa mkono! Nimetazama hadi chai ikapoa.

Nikatia mafuta. Kaimba! Majirani wakajaa uani.

Hapo ndipo wazo likanijia. Jumapili ni Saba Saba, kundi langu linashindana ngoma na la Masunga mwenye bucha. Mnacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Kila mwaka watu wanamkimbilia yeye. Eti ana dawa. Safari hii mimi nina ndege.

Nimemtuma Philomena amwambie mama yake kwamba kazi ni ngumu, asubiri mpaka Jumatatu.

Ijumaa, 5 Julai

Balaa! Nimemwimbisha mfululizo, kiriba kimepasuka. Ngozi nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Nimejaribu puto: ndege katoa sauti ya mtu aliyeshiba maharage. Nimejaribu mfuko wa plastiki: kimya kabisa. Mama mkwe kauliza kupitia kwa Philomena mbona ndege hasikiki. Nimesema kapumzishwa. Jasho linanitoka.

Nimekichunguza kile kipande cha ngozi kilichopasuka. Utumbo wa ng'ombe! Ile ngozi ya juu kabisa. Na mwenye utumbo ni nani? Masunga. Nikameza kiburi, nikaenda. Kanipa kipande bure, huku anacheka. Akaniambia nikikwangue mafuta, nikianike kivulini kikauke vizuri, la sivyo kitanuka. Eti ananifundisha! Adui akikupa ushauri, fanya kinyume chake. Nimekibandika kibichi, na mafuta ya kondoo juu yake kilainike. Kaimba.

Jumapili, 7 Julai

Siwezi kuandika. Naandika.

Nilimfunga ndege kwenye ncha ya mlingoti ili aonekane. Mama mkwe sikumwogopa, maana mwiko kwake kusimama kumtazama mkwe akitingisha kiuno. Sikukumbuka kwamba mwiko huo haumkatazi kukaa upande wa Masunga.

Ndege akaimba. Watu wakageuka! Wakaja mmoja mmoja, kisha wakamiminika. Kwa Masunga wakabaki wazee wasioweza kutembea. Nikapiga kelele za ushindi.

Mwewe akashuka. Huyo! Harufu ya utumbo ilimwita tangu huko juu. Akang'oa ndege na kibweta chake, akapaa navyo, na uwanja mzima ukamfuata mbio. Mimi mbele. Nilimwona Philomena amesimama, mikono kichwani.

Shaba ni nzito. Mwewe akaachia upande wa Masunga, kwenye mapaja ya mama aliyekaa na miguu yake mibovu. Kwa mbio zile nilishindwa kusimama. Nikamwangukia mama mkwe! Kifua kwa kifua, mbele ya watu wote!

Ngoma zote zikanyamaza. Ndege, bila mkia, akaendelea kuimba.

Jumatatu, 8 Julai

Wazee wamenitoza mbuzi kuiondoa aibu ile. Masunga ndiye mshindi, maana watu wote waliishia upande wake. Haya, apokee. Begi la Philomena lilikuwa mlangoni.

Kisha mama mkwe kazungumza nami dirishani, kageuza mgongo. Kasema mkia si kitu. Huo wimbo baba yake aliupiga mluzi jikoni, naye hana picha ya baba yake, ana wimbo tu. Nikimrudishia uleule, Philomena atabaki. Nikalia, sifichi. Nimeapa kwa kaburi la baba yangu. Philomena kalirudisha begi ndani.

Masunga kanipa utumbo mwingine. Nimeukwangua, nimeuanika kivulini. Nimekubali kufundishwa, mtu asiseme mimi kichwa kigumu.

Wakati nasubiri ukauke, nimetoa lile gurudumu nilifute vumbi. Wimbo mzuri, sikatai. Ila mwishoni unalegea. Kilima kimoja kikishuka kidogo, utaingia sawasawa kwenye wimbo wangu wa ngoma za Nane Nane kule Nyakabindi. Na mama mkwe ni mzee, atajuaje?

Tupa ninayo. Nimeanza na kile kilima kidogo cha mwisho. Kumbe shaba ni laini hivi!