Irudisheni Sentensi ya Baba Yangu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Yahusu: Binti niliyewaletea akiwa mwanafunzi, mkanirudishia mpelelezi

Natumaini barua hii inakukuta u mzima wa afya, na ile suruali ya suti ya kijivu bado inakufunga. Mimi ndiye fundi cherehani wa mkabala na duka la dawa. Ndiye niliyekushonea suti hiyo, nikakupunguzia kiuno, na mwaka uliofuata nikakiongeza kiuno kilekile bila kukuuliza lolote. Nalitaja hilo makusudi. Kutouliza ni heshima, na chuo chako kimeamua kuifuta heshima hiyo duniani.

Binti yangu yuko mwaka wa pili. Nilimleta asome kama watu wanavyosoma: mwalimu aseme, mwanafunzi aandike, na siku ya mtihani amrudishie mwalimu maneno yake yakiwa hayajakunjamana. Badala yake mmemkabidhi kwa mhadhiri mmoja kijana, yule wa raba nyeupe na kola iliyochakaa. Huyu bwana, badala ya kufundisha, amewagawia watoto wa watu kazi ya kusahihisha makala za kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiandika. Ati hivyo ndivyo watakavyojua utafiti. Kila sentensi itafutiwe chanzo: kitabu, gazeti, kitu kilichochapishwa. Isiyo na chanzo, iondolewe. Binti yangu akapewa makala ya mji wetu huu, na tangu hapo nyumba yangu haikaliki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatuwezi tena kuzungumza mezani. Nikisema mvua itanyesha, naulizwa nani kasema. Majuzi nilimkanya kwa upole wa mzazi, nikamwambia wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaniuliza ni wahenga gani, na walilisemea wapi. Mama yake alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi nilimaliza kula nikaenda zangu dukani.

2. Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo naomba ulisome ukiwa umekaa. Katika makala ya mji wetu, sehemu ya biashara, palikuwa na sentensi moja nzuri sana. Ilisema kwamba fundi cherehani wa kwanza wa mji huu alikuwa baba yangu, na kwamba mwanawe anaiendeleza kazi hiyo mpaka leo kwa ustadi mkubwa na bei nafuu, mkabala na duka la dawa. Niliiandika mwenyewe, kwa msaada wa mpwa wangu anayejua mambo ya simu. Ilikaa pale kwa amani, haimsumbui mtu.

Kwanza binti yangu aliibandika alama ya mabano: chanzo kinahitajika. Wiki iliyofuata akaifuta kabisa. Akaandika na sababu, kila mtu aione: tangazo la biashara, halina chanzo. Mheshimiwa, huyo anayeitwa tangazo la biashara ni babu yake mzaa baba! Nilimshika mkono nikampeleka hadi chini ya kibao cha duka langu, nikamwonyesha maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: FUNDI WA KWANZA MJINI, BABA NA MWANA. Akaniuliza kibao kiliandikwa na nani. Nikasema mimi. Akasema basi hicho si chanzo cha pili, ni baba yuleyule amesema mara mbili. Hayo ndiyo mnayowafundisha?

3. Ugonjwa umeingia dukani. Wanafunzi wenzake walikuja na madaftari kuulizia historia ya mtaa, na wateja waliokuwa kwenye benchi wakasikiliza. Kesho yake mama mmoja niliyemwambia gauni lake litakuwa tayari Ijumaa alinitazama machoni akauliza Ijumaa hiyo imethibitishwa na nani. Wewe ni msomi, lakini huenda hujui kwamba kazi yetu sisi mafundi imesimama juu ya Ijumaa. Fundi husema Ijumaa, mteja hujua si Ijumaa, wote wawili huagana vizuri. Ukianza kuidai Ijumaa ithibitishwe, hakuna cherehani itakayobaki inazunguka katika nchi hii.

4. Binti hakutosheka. Alikwenda kwa mama yangu mzazi, bibi yake, akakaa naye uani akimrekodi kwa simu, akamwomba aeleze babu alivyoanza kazi. Sasa, mama yangu ni mtu wa maneno machache. Maisha yangu yote sijamsikia akimpinga marehemu. Lakini alipoulizwa na mjukuu, akajibu kama anayetaja bei ya sukari. Akasema babu yenu alikuwa hodari wa kupima na kuongea na wateja. Kukata na kushona nilishona mimi, chumba cha nyuma. Yeye alikuwa anakaa kwenye ile cherehani ya mlangoni wakipita watu.

Mheshimiwa, nilikua nikisikia cherehani ikilia nyuma ya pazia huku baba yuko barazani anacheka na wateja. Nilidhani kila nyumba ina sauti hiyo. Niliumia, sikufichi, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilipomwita mama pembeni akanishangaa mimi: alidhani najua.

Na msidhani binti alisimama hapo akamwandika bibi yake. Hata! Amekataa. Anasema maneno ya bibi hayajachapishwa popote, na mhadhiri wake amewakataza kuweka kitu kisichochapishwa, hata kiwe kweli kama jua. Kwa hiyo baba nimenyang'anywa, na mama sikupewa. Nimebaki fundi yatima kwenye kamusi ya dunia nzima.

5. Nafikiria na mbele. Wakimaliza makala hizi watakwenda wapi? Watakuja kwenye harusi zetu, mshenga aseme bwana harusi ni kijana mtulivu, wadai chanzo. Watakuja mazikoni, tuseme marehemu alikuwa mtu wa watu, na mwanafunzi wako atanyoosha mkono. Siku watakapoanza kusikiliza hotuba za mahafali yenu, Mheshimiwa, na wewe utajua mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kwa hayo yote naomba: somo hilo lisimamishwe leo hii, wanafunzi warudi kunakili ubaoni kama zamani, mhadhiri wa raba apewe kazi ya kusimamia michezo, viatu anavyo tayari, na sentensi ya baba yangu irudishwe kwa amri ya chuo, ikiwezekana na muhuri.

Wasalimie wahadhiri wote. Msalimie na karani wako, mwambie sketi yake ni ya Ijumaa. Hata huyo kijana msalimie. Kola ile inageuzika, ailete tu, sina kinyongo na nguo.

Ni mimi, mzazi mwenye uchungu na sindano mkononi,

Fundi wa mkabala na duka la dawa

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha mpwa wangu akaja mbio na simu. Yule jirani wa ng'ambo ya barabara tunayemwita Mapindo, kwa sababu mapindo yake hufumuka kabla mteja hajafika nyumbani, asubuhi hii ameandika kwenye makala ileile kwamba fundi wa kwanza wa mji huu alikuwa babu yake. Babu yake alikuwa anauza mkaa! Hakuna kitabu, hakuna gazeti, hakuna hata kibao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hayo maombi ya hapo juu yaache kwanza. Nitumie binti yangu haraka, pamoja na darasa zima na mhadhiri wao, waje na mabano yao yote. Pia nasikia chuo chako kina jarida linalochapishwa, na binti anasema likichapisha mahojiano na bibi yake, hapo patakuwa na chanzo. Mama amekubali. Ameuliza jambo moja tu: kama ataandikwa kwa jina lake mwenyewe au kama mke wa fundi. Nimemwambia jina lake.

Kibao nimekishusha kikaandikwe upya. Mchoraji anasema kitakuwa tayari Ijumaa, nami nimemwomba chanzo.