Muhuri wa Samaki kwenye Buletini ya Ornella

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Ornella, mtoto wa dada yangu Odile, amepata asilimia 68 kwenye mtihani wa Serikali. Damu yangu! Anataka chuo cha mainjinia wa maji kule Lubumbashi. Wanaoomba ni mamia, wanaoingia ni arobaini. Wanadai barua na buletini, zile karatasi za alama za shule, za miaka miwili ya mwisho. Dosye zote, yaani bahasha za maombi, abbé wa parokia yetu anaondoka nazo kwa ndege Jumatatu ijayo, saa sita mchana.

Mwiba uko hapa: buletini ya mwaka wa tano. Asilimia 50,6. Ndio mwaka ule ziwa lilipoingia kwa Odile bila kubisha hodi. Walilala miezi mitatu kwenye ukumbi wa parokia. Madaftari yalielea, hayajarudi mpaka leo.

Jirani Delphin, karani mstaafu, naye ana binti anayeomba chuo kile kile, Gracieuse. Amesema kutoka upande wa pili wa ua kwamba hamsini haifiki Lubumbashi, itashukia njiani, Nyunzu. Nimemuuliza kama anajua anaongea na nani. Barage ya Piana-Mwanga, bwawa zima la umeme, ilisimama kwa mabega haya! (Nilibeba saruji siku kumi na moja. Lakini barage ni nini kama si saruji?)

Nimemwambia Odile atulie, dosye iko mikononi mwangu. Akafanya ishara ya msalaba. Shukrani, bila shaka.

Jumanne, 9 Septemba

Ornella ameandika barua. Ukurasa mmoja! Eti mwaka ule alichora mstari wa makaa ukutani kila asubuhi, aone maji yamepanda kiasi gani. Nimecheka. Nani anataka kusoma matope? Harusini hatuendi na nguo za matanga.

Nimeandika yangu, kurasa saba. Nimeanza na babu yetu aliyevuta meli kwa meno kutoka Mpala hadi Moba. Ornella amesoma yote, mtoto mwenye heshima. Kisha akauliza, "Mujomba, mimi niko wapi humu?"

Ukurasa wa sita! Vijana hawana subira.

Jumatano, 10 Septemba

Vita. Delphin ametembeza dosye ya Gracieuse mtaa mzima kama padri anayetembeza monstransi ya Ekaristi. Mihuri mitatu! Ameniuliza ya kwetu ina mingapi. Nikasema tunaanza kesho.

Karatasi bila muhuri ni jani la kufungia maandazi. Hilo hawalifundishi shuleni. Mimi niliacha shule mapema, kwa hiyo nalijua.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya ushindi! Nimetoka alfajiri na buletini kwapani. Chifu wa mtaa: muhuri. Kwaya ya akina mama: muhuri. Chama cha wavuvi: muhuri, umepinda kidogo. Sare, tatu kwa tatu.

Ndipo nikamkumbuka rafiki yangu Doudou, anayekagua samaki wakavu pale bandarini. Ana muhuri mkubwa kama kisahani, wino wa zambarau. Aliuliza samaki yuko wapi. Nikamwambia huyu ni samaki wa kwenda Lubumbashi. Akakataa. Nikamkumbusha nani alimwokoa na kiboko. (Alikuwa mbuzi, lakini usiku ulikuwa mweusi.) Akapiga, pwaa!

Na umeangukia wapi? Juu ya 50,6! Imefunikwa yote! Mungu hakosei shabaha.

Maneno yake sikuyasoma. Muhuri hausomwi, muhuri unahesabiwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Odile ameyasoma. Kwa sauti. IMEKAGULIWA. HAINA FUNZA. INAFAA KULIWA.

Kisha akakaa chini, palepale kwenye mchanga. Delphin alicheka mpaka akashikilia ua, na ua ukaanguka. Akasema, "Papa Adalbert, mutoto yako wanamupika na majani ya sombe ao na mafuta ya mawese?"

Ornella hakucheka wala hakulia. Hilo ndilo lililonichoma. Alisema polepole kwamba ile ndiyo buletini pekee, nakala hakuna, na zimebaki siku tatu.

Nikatibu haraka. Ndimu, kisha dawa ya kufulia. Muhuri umetoka kabisa. Karatasi pia imetoka. Sasa mahali pa 50,6 pana dirisha, na ukichungulia unamwona Delphin.

Jumamosi, 13 Septemba

Ornella ameenda kuomba buletini mpya kwa prefe, mkuu wa shule, Mama Émérence. Nimemsindikiza ili niseme. Mama Prefe ameniomba nisemee nje, penye mlingoti wa bendera.

Nilisikiliza dirishani. Alipoona lile dirisha la kwenye buletini, Mama Prefe alicheka hadi akavua miwani. Ornella akamweleza kuhusu chuo. Kicheko kikakoma. Akasema ule mwaka haujamtoka kichwani: yeye mwenyewe alibeba rejista za shule kichwani, maji kiunoni, na mtoto aliyemtangulia akipima njia kwa fimbo alikuwa Ornella. Mambo ya namna hiyo, akasema, buletini haina mstari wake.

Akaandika buletini nyingine, 50,6 ileile, mchana kweupe! Kisha akaandika cheti pembeni: masomo yalisimama wiki tisa, na mwanafunzi huyu hakukosa siku hata moja tangu yaliporudi.

Akapiga muhuri mmoja. Mmoja tu! Nimeionea shule aibu.

Jumatatu, 15 Septemba

Saa tano na nusu, dosye mikononi mwa abbé. Ornella aliifunga bahasha mwenyewe, akanipa heshima ya kubeba mwavuli. Jua kali, lakini cheo ni cheo.

Niliporudi, Odile alinipa maandazi. Yamefungwa ndani ya babu yetu na meli yake, ukurasa wa pili. Nimeuliza hii maana yake nini. Odile akajibu kwamba karatasi haikuwa na muhuri.

Maandazi yalikuwa mazuri.

Jumatano, 8 Oktoba

AMECHUKULIWA CHUONI! Ujumbe umeingia saa nne. Wanamtaka Ornella afike na picha za ile mistari ya makaa ukutani. Odile amekimbia hadi ziwani, akaliambia ziwa maneno ambayo siandiki.

Sasa tufikiri kama watu wazima. Bila muhuri wa samaki, hakuna tundu. Bila tundu, hakuna Mama Prefe. Bila Mama Prefe, hakuna cheti. Nani alifungua njia? Nimewaeleza majirani wote, wengine mara mbili.

Ornella amenishika mikono yote miwili. "Aksanti, Mujomba." Akaomba jambo moja: nisiguse karatasi zake za safari. Nimeapa, na mimi nikiapa nimeapa.

Jioni Delphin amekuja kupongeza, sauti chini. Gracieuse wamemweka kwenye orodha ya kungoja, anatakiwa kuongeza karatasi. Maskini, mihuri mitatu tu! Alipoondoka amesahau bahasha yake juu ya kiti changu.

Niliapa kuhusu karatasi za Ornella. Za Gracieuse hakuna aliyezitaja.

Kesho alfajiri napita kwa Doudou. Nasikia ameletewa wino mpya, mwekundu, hautoki hata kwa ndimu.