Mabega ya Koti la Baba

Jumatatu, 3 Juni
Mama amefungua kabati. Koti la marehemu baba bado linanukia hamira. Nimelinusa nikamwona alfajiri, anakanda unga, anaimba wimbo usio na maneno. Mama kasema ni la atakayelijaza Jumapili. Balaa. Dada ndiye anayekanda mikate siku hizi. Mimi naisambaza kwa baiskeli. Nimejitazama kiooni: juu kijiti, chini nguzo.

Jumanne, 4 Juni
Zahanati, kutafuta cheti cha ugonjwa wa mabega. Mama angenihurumia. Muuguzi kanipima kila mahali, kasema ni mzima kabisa. Eti watu wazima wenye afya hawafanani: mmoja misuli yake imejaa mabegani, mwingine mapajani. Yangu imeamua kukaa chini. Nikauliza kama kuna dawa ya kuipandisha. Akamwita anayefuata.

Alhamisi, 6 Juni
Nimebadilishana kazi na dada. Nimekanda mpaka nikaona nyota. Pale alipozoea kusimama baba, sakafu imelika kidogo. Miguu yangu ikaenea humo. Nilimkumbuka sana. Dada karudi anahema, kasema kile kilima si mchezo. Mimi hata kijiko kilinishinda. Mama kanilisha.

Jumapili, 9 Juni
Sponji mbili chini ya shati. Koti likakaa! Mama akaanza kulengwa na machozi. Nikanyoosha mkono kujidai. Sponji moja ikashukia tumboni, nyingine mgongoni. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalivaa yeye, likamjaa kila kona. Kwa kitambo kidogo baba alikuwa amesimama mlangoni. Nililia, sikujificha.

Mama akanipa kaptula kuukuu ya baba. Ikanishika mapaja barabara. Kasema mabega yalikuja baadaye, kwa kukanda. Alipomfahamu, baba alikuwa kijana wa kusambaza mikate, miguu tu, mabega hana, na vigimbi vyangu ni vyake. Kumbe kila nikipanda kilima mama hunichungulia dirishani.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeshinda na kaptula. Sitaki kuivua. Kilimani niligeuka, nikampungia mama mkono.

Lakini koti ni koti. Jioni nimemwachia dada baiskeli, aitumie wiki nzima, mimi nitakanda. Kanishukuru, kasema nimekua. Hajui kitu. Misuli yake ikishahamia miguuni, koti litampwaya.