Herufi Tano Kiganjani

Jumatatu, 3 Machi

Msahihishaji mkuu wa kiwanda chetu cha vitabu amestaafu. Kiti chake kimebaki kitupu pale dirishani, kile chenye mto. Nimekitazama asubuhi nzima. Mimi ni mjalidi: nashona vitabu na kuvibandika majalada, nimesimama, saa nane kwa siku, na goti langu la kushoto linaijua kila dakika ya hizo saa nane. Leo meneja katangaza kwamba kiti atapewa mshindi wa mchezo wa herufi wa Ijumaa hii, maana msahihishaji lazima akijue Kiingereza. Moyo ukanilipuka paa! Si kwa furaha. Ijumaa iliyopita nilishika mkia.

Tena kuna jambo la pili, ambalo sitaliandika kwa haya.

Haya, naliandika. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Wiki jana nilimwambia kwenye simu kwamba kiti nimeshapewa.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri. Mchezo wenyewe uko hivi. Mama Stoo, mtunza ghala wetu, ana mfuko wa herufi za mbao zilizobaki tangu enzi za kupanga maandishi kwa mkono. Zinatolewa tano. Kila mtu anaandika maneno ya Kiingereza yanayotumia herufi zote hizo tano, pamoja na maana kwa Kiswahili. Neno lisilo na maana halihesabiwi. Na anayetia mkono mfukoni ni yule aliyeshika mkia wiki iliyopita, ili naye apate cha kujivunia. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimepanga nishindwe kwa makusudi, ili wiki hii heshima hiyo iwe yangu. Makusudi hayakuhitajika.

Mpinzani wangu ni mkata karatasi. Tunamwita Profesa. Penseli sikioni hata akienda msalani! Kashinda Ijumaa nne mfululizo, na mimi ananiita ndugu yangu wa gundi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Adhuhuri nimekuta kwenye rundo la vitabu vya kushona kamusi kuukuu, haina jalada, haina jina la mwenyewe. Ukurasa wa mwisho mtu kaandika kwa penseli: slate, stale, steal, tales, least, teals. Maneno sita, herufi zilezile tano, zimebadilishana viti tu! Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikaung'oa ukurasa, nikautia kwenye soksi.

Viganja vinanilowa tangu saa hiyo. Ndivyo nilivyoumbwa: nikiogopa, jasho lote linakimbilia mikononi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekariri njiani, kazini, bafuni. Slate, kibao cha kuandikia. Steal, kuiba. Tales, hadithi. Least, kidogo kuliko vyote. Teals, bata wadogo wa majini, ambao sijapata kuwaona wala sina ugomvi nao. Mke wangu kanisikia nikinong'ona mezani, kauliza stale ndiyo nini. Nikamjibu kwamba ni kitu kilichokaa mpaka kikachacha. Bahati mbaya nilikuwa natafuna mkate wake. Hajasema nami tangu saa hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umekamilika! Nimengoja Mama Stoo aende kula. Nimechomoa herufi zangu tano kwenye ule mfuko wa ghalani, nikazidondoshea kila moja tone la gundi ya bahasha mgongoni. Ikikauka inakuwa ngumu, ina kipele. Kesho vidole vitavitafuta vipele vitano, basi. Nimezipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Zimekauka, nimezirudisha. Nikatoka ghalani napiga mluzi, nikagongana na Profesa mlangoni. Kauliza mbona mjalidi yuko ghalani. Nikamwambia nimefuata uzi. Kauliza uko wapi huo uzi. Nikamwambia umekwisha.

Sijui kwa nini nasikia nimesahau kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekumbuka nilichosahau. Gundi ya bahasha ikilowa inarudi kuwa gundi. Kila mjalidi analijua hilo. Mimi nawafundisha wanagenzi!

Wote walikuwapo, meneja mbele. Nikatia mkono mfukoni, kiganja kinachuruzika. Nikatafuta kipele cha kwanza, cha pili. Mama Stoo kaniuliza kama nakanda unga humo ndani. Cha tatu. Cha nne. Meneja kakohoa. Cha tano! Nikautoa mkono, nikaufungua juu ya meza ili herufi zidondoke.

Hazikudondoka.

Nikakung'uta. Nikakung'uta tena. Zilining'ang'ania kama kupe, zote tano, zimenitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Stoo kashika kiganja changu, kakinusa, kasema taratibu kwamba desturi ni desturi, kilichotoka ndicho kinachochezwa. Kazisoma kwa sauti: A, E, L, S, T. Herufi zangu! Nilikuwa nimeshinda!

Ila mkono wangu wa kuandikia ndio uliojaa mbao.

Nikaandika kwa kushoto. Maneno yote sita, naapa. Mama Stoo kaigeuza karatasi juu chini, chini juu, kafanikiwa kusoma neno moja tu na maana yake: steal, kuiba. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Profesa alikuwa na yote sita, hata bata. Kisha kaniuliza, kwa upole uliouma kuliko kofi, kamusi yake itakuwa tayari lini, na kama nimeuona ukurasa wake wa mwisho.

Kiti ni chake. Mimi nimepewa beseni la maji ya uvuguvugu nioshe herufi zote za mfukoni. Nimeosha nimesimama.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kafika mapema. Kabla sijafungua kinywa, mke wangu kasema mkono wa mumewe unazo alama tano na angependa kujua sababu. Nikasema yote, mpaka la simu. Niliona aibu, aibu kweli, machozi yakanilengalenga.

Mama mkwe kacheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Kiti hicho sikukiamini hata siku moja, mwanangu. Mimi nimemfuata mjalidi." Akatoa kwenye mkoba albamu ya picha za marehemu mumewe, kurasa zimeachana, nyingine zimefungwa kwa utepe wa nywele. Nikakaa kwenye kigoda, nikaishona mpaka saa tisa, naye kanishikia uzi. Ilipokamilika kaifunua polepole, ukurasa kwa ukurasa, hakuna ulioanguka. Akalia kidogo. Kasema hakuna msahihishaji duniani anayeweza kazi hiyo, na kwamba bintiye hakukosea.

Sijawahi kusifiwa hivyo. Kichwa kikavimba, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia kwamba hata kiwandani wameliona hilo, na mwisho wa mwezi wananifanya meneja.

Mke wangu kaacha kumenya viazi.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaondoka asubuhi. Kabla ya kufika kituoni alikuwa ameshawapigia dada zake wote watatu. Wanakuja tarehe thelathini na moja, kumwona meneja.

Viganja vimeanza kulowa.