Pogonias wa Mwaka Huu

Alhamisi, 20 Agosti
Nimeshuka kutoka zizini na ndevu zangu nilizozificha mlimani tangu Mei. Nene, Mungu asifiwe. Pogonias ndivyo wazee wa kale walivyomwita mwenye ndevu, awe mtu au beberu. Septemba 2, sikukuu ya Mtakatifu Mamas, mlinzi wa wachungaji, mwenye ndevu bora hutangulia mbele ya ikoni, picha yake takatifu, na beberu wake. Marehemu baba alitangulia miaka mingi. Mimi bado. Jirani yangu Manousos kila mwaka yeye tu, na beberu wake ana ndevu kama mswaki uliochakaa.

Ijumaa, 21 Agosti
Balaa. Nimesahau kwamba hapa Krete asiyezoea ndevu akiziacha, amefiwa. Shangazi Argyro kaniona dukani kwake, kashika mdomo. Kauliza, "Amekufa nani, mwanangu? Lefteris?" Kaka yangu Lefteris yuko Melbourne, mzima, anauza samaki. Ningesema kweli, Manousos angenishtukia. Nikainamisha kichwa. Sikutamka uongo, shingo ndiyo iliyosema.
Jioni majirani wameleta ngano ya wafu, ile ya kuchemsha inayoliwa kumkumbuka marehemu, yenye zabibu na komamanga. Tamu. Nimemaliza sahani mbili, Mungu anisamehe.

Jumapili, 30 Agosti
Padri Nektarios kamwombea Lefteris pumziko la milele. Nje, Manousos kanikumbatia, analia machozi ya kweli. "Stratis ndugu yangu, mfiwa haingii kwenye maandamano. Ila beberu wako asikose baraka. Nitamwongoza mimi."
Nikashukuru. Ningefanyaje?

Jumatano, 2 Septemba
Nimechungulia dirishani. Manousos mbele, ubavuni beberu wangu, ndevu nimezichana mwenyewe kwa mafuta ya zeituni. Watu wanaita Pogonias, na mnyama anageuka kama aliyezaliwa na jina hilo.
Kisha Lefteris kapiga simu dukani kututakia sikukuu njema. Aliyepokea ni shangazi Argyro. Kazimia. Alipozinduka kanijia na fagio. "Unakula ngano ya mtu aliye hai, beberu we!"

Alhamisi, 3 Septemba
Padri kaniamuru ninyoe, niombe radhi nyumba kwa nyumba. Nimefanya yote, na nimetubu kwa moyo safi. Manousos kacheka mpaka kakaa chini.
Kosa langu nimeliona: nilimlilia aliye hai. Mjomba Pantelis alikufa kweli, zamani, na sikumwachia ndevu hata siku moja. Haki yake ipo. Nitaanza kumlilia Februari, matanga yaishe kabla ya sikukuu, kisha nisahau tu kunyoa.